Siku Sherifu Tesarek Aliposalimia Gari

Leo Alhamisi, tarehe 5 Januari 2023, saa sita kamili mchana, Lorne Tesarek anavua beji ya sherifu wa Kaunti ya Dunmire, Nebraska, baada ya kuivaa kwa miaka thelathini na miwili. Amechaguliwa mara nane. Mara sita hakuwa na mpinzani. Mara moja alishindana na bwana mmoja aliyehama kaunti kabla ya siku ya kura. Na mara moja alishindana na binamu yake mwenyewe, ambaye alitoka kwenye kituo cha kura akatangaza mbele ya watu wote kwamba yeye pia amempigia Lorne.

Anayeandika ni Nadine Kruml. Nimekaa kwenye simu na redio ya ofisi ya Lorne kwa miaka ishirini na sita, na wengi wenu mnaijua sauti yangu kuliko sura yangu. Naandika kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ofisi, ambao tukihesabiana vizuri tuko wanne, pamoja na huyu tunayemuaga. Niliombwa wasifu mfupi, mwepesi, wa kuchekesha, kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kumuaga, na ndivyo nilivyoanza. Kurasa za mwanzo ninazo bado kwenye droo na zinachekesha kweli. Lakini tangu tarehe 29 Novemba sijatulia, na nyinyi mnaosoma haya mkiwa na bakuli la supu ya nyama na maharage mkono mmoja na mkate wa mdalasini mkono wa pili mnajua kwa nini. Mtanisamehe wasifu ukienda mrama.

Nianze na yale mepesi, maana Lorne anayastahili.

Lorne alizaliwa hapa hapa, kwenye ranchi ya baba yake kaskazini mwa mji wa Tolson. Alijaribu kufuga akashindwa, kwa sababu, kama anavyosema mkewe Bonita, alikuwa akisikiliza sana habari za ng'ombe na kuuza wachache. Akawa naibu sherifu, kisha sherifu. Kaunti yetu ina watu elfu moja mia moja na kitu, ng'ombe wasiohesabika, na selo moja. Mwaka 2001 ufunguo wa selo hiyo ulipotea kukiwa na mtu ndani, kijana mmoja wa kupigana baa ambaye sitamtaja kwa kuwa leo ni mwalimu wa mwanangu. Tulihangaika saa nzima. Mwishowe mahabusu mwenyewe akaingiza mpini wa kijiko kwenye kitasa, akafungua, akauliza kama anaweza kwenda kula halafu arudi. Lorne alimruhusu. Akarudi, tena na kipande cha pai kwa ajili yangu.

Msidhani kaunti ndogo ina uhalifu mdogo. Mwaka 1998 mzee mmoja alikutwa ameuawa kwenye ghala lake la nyasi. Mpwa wake akaja akilia, akasema amefika asubuhi hiyo hiyo kutoka Omaha, na kwamba hajakanyaga ranchi ile kwa miaka mitano. Wapelelezi wa jimbo wakamhoji, wakamwamini, wakamwambia aende zake. Lorne akamwomba jambo moja tu, apige honi ya gari lake. Yule kijana akapiga. Ng'ombe sitini waliokuwa upande wa pili wa malisho wakanyanyua vichwa, wakaja mbio mpaka kwenye uzio, wakajipanga wakisubiri chakula. Ng'ombe hawakimbilii honi ya mgeni. Mtu yule alikuwa akiwalisha kwa siku kadhaa, na mwenye ranchi alikuwa amelala maiti ghalani muda wote huo. Alikiri kabla honi haijapoa.

Huyo ndiye Lorne. Hana maabara wala kompyuta ya maana. Ana macho, ana subira, na ana daftari dogo la mfukoni. Kila siku ya kazi ameandika ndani yake nani alipishana naye barabarani, wapi na saa ngapi. Akijaza moja analitupa kwenye sanduku, anachukua jingine. Tumehesabu wakati wa kuhamisha vitu vyake: mia sita na arobaini.

Na kila aliyepishana naye alimsalimia, maana hapa kwetu ndivyo tulivyo. Gari likitokea mbele yako unanyanyua kidole cha shahada juu ya usukani, la unayemjua na la mgeni, la rafiki na la mtu mnayegombana naye kwa ajili ya uzio. Asiyenyanyua ama anaumwa, ama amefiwa, ama anatoka jiji la Denver. Na kila mtu ana namna yake. Bonita Tesarek ananyanyua viwili. Marehemu baba yangu alinyanyua mkono mzima kama anayesimamisha treni. Lorne ananyanyua kimoja, polepole, na anakishusha polepole.

Sasa niseme la Wendell Pribyl. Niliambiwa nisilitaje katika kijitabu hiki. Nitafika kwa aliyeniambia.

Wendell alikuwa mfugaji, jirani ya watu, mume wa Arlys. Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 2004 alipigwa risasi moja kando ya tangi la maji, chini ya pampu ya upepo, kwenye malisho yake ya mashariki. Arlys ndiye aliyemkuta, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Ni mimi niliyepokea simu yake. Alisema tu, "Nadine, Wendell hasimami," akarudia, akarudia tena, na mpaka leo nikisikia simu ikiita jioni moyo wangu unaruka.

Alasiri ile, saa kumi na dakika ishirini, Lorne alikuwa akiendesha kuelekea magharibi kwenye Barabara ya Makaburini, jua likimchoma machoni. Mbele yake ikatokea pikapu nyekundu ya Ford yenye mlango wa dereva mweupe, ikielekea mashariki, upande wa ranchi ya Pribyl. Hakuna mtu katika kaunti hii asiyeijua pikapu ile. Ni ya Roland Kruml. Ni ya kaka yangu.

Roland alisema siku hiyo hakuendesha kabisa. Alikuwa ameiacha pikapu kwenye lango la malisho yake, funguo ndani, kama sisi sote tunavyoacha, akapanda farasi akaenda kutengeneza uzio upande wa mbali. Aliporudi pikapu ilikuwa pale pale. Lorne akamhoji jikoni kwake, na mimi nilikuwepo, nimesimama karibu na jiko.

"Roland, nilikunyanyulia kidole, ukanijibu."

"Sikukujibu, Lorne. Sikuwa ndani ya gari."

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Basi macho yako yana matatizo, bwana, siyo mimi."

Hapakuwa na bunduki, hapakuwa na sababu, hapakuwa na shahidi mwingine. Mwendesha mashtaka akakataa kufungua kesi. Roland hakushtakiwa. Lakini hakusafishwa pia. Kuna neno la sherifu aliyechaguliwa mara nne, kuna neno la mfugaji mmoja mkimya asiye na mke, na watu wakachagua.

Mnajua mlichofanya. Mimi najua nilichofanya. Hakuna aliyemtukana Roland, hakuna aliyemvunjia dirisha, sisi si watu wa namna hiyo. Tuliacha tu kumnyanyulia kidole. Pikapu nyekundu ikitokea, mikono ilitulia kwenye usukani na macho yakatazama mbele. Alinunua mbegu, alilipa, alisema asante, akarudi nyumbani kwenye barabara ya maili kumi na tisa bila kidole hata kimoja. Kwa miaka kumi na minane.

Mtu mmoja tu aliendelea kumsalimia mbele ya watu, naye ni yule yule aliyesema amemwona. Niliwahi kumuuliza Lorne kwa nini. Akaniambia, "Nadine, mimi sijawahi kumhukumu mtu. Hiyo si kazi yangu." Nilimwona mtu wa haki sana siku ile.

Na mimi? Kila Jumapili nilimpelekea kaka yangu chakula. Tulikula, tukazungumza habari za mvua. Lakini tukipishana mjini mbele ya watu, na mimi mkono wangu ulibaki kwenye usukani. Pasipokuwa na mtu nilinyanyua kidole. Penye watu, hapana. Nayaandika haya ili yachapishwe kwa sababu Lorne amekiri lake mbele ya kaunti nzima, na sioni kwa nini langu libaki limefichwa.

Turudi kwenye sherehe. Mwezi wa kumi kamati ya kumuaga Lorne iliundwa, na mwenyekiti wake akawa Everett Oldham. Nani mwingine angekuwa? Everett, diwani wa kaunti kwa miaka ishirini na minne. Everett aliyefundisha watoto wetu Biblia. Everett aliyenishika mkono mama yangu alipokuwa akishushwa kaburini. Everett ambaye kila mwezi wa kumi, kanisani, alisimama akaomba, "Bwana, mguse yule aliyemwaga damu ya Wendell, akiri, apate amani," na sisi wote tukaitikia amina, na wengine wakageuka kutazama benchi la nyuma alipokuwa ameketi kaka yangu.

Ni yeye aliyekuja ofisini kunipa kazi hii. Aliketi kwenye kona ya meza yangu, akacheka na kila mtu, akala biskuti zangu mbili.

"Dada Nadine, andika mambo mepesi. Watu wacheke. Pekua yale madaftari yake, humo hamkosi vituko."

"Na ile ya Wendell?"

"Ile iache. Kwa ajili yako na Roland pia. Tusiharibu keki ya mzee wa watu."

Nilimshukuru. Naapa, nilimshukuru kwa kunijali, tena machozi yalinilengalenga.

Basi Jumanne ya tarehe 29 Novemba, baada ya chakula cha mchana, Lorne alikuwa anafunga masanduku na mimi nimeketi sakafuni napekua madaftari kutafuta vituko, kama mwenyekiti alivyoagiza. Nilikuwa namsomea kwa sauti. Tulicheka sana. Tulisoma habari ya fahali aliyeingia kituo cha mafuta, na ya padri aliyekamatwa kwa mwendo kasi mara tatu ndani ya wiki moja. Nikachukua daftari jingine la kijani, nikafungua popote, nikasoma bila hata kutazama tarehe:

"Saa kumi na dakika ishirini. Makaburini, kuelekea mashariki. Roland. Kagusa kofia."

Nikacheka. Nikasema, "Roland kagusa kofia? Tangu lini? Kaka yangu ananyanyua kidole kama anayechomoa mwiba. Anayegusa kofia ni Ev..."

Sikumaliza.

Jamani. Sijui niliandikeje hili. Lorne alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Alikiweka mezani taratibu, kikaanguka hata hivyo, kahawa ikamwagika juu ya masanduku na hakuna aliyeinuka kuifuta.

Katika Kaunti ya Dunmire yuko mtu mmoja tu anayejibu salamu ya barabarani kwa kugusa ukingo wa kofia yake kwa vidole viwili. Baba yake alimlea hivyo. Alimfundisha kwamba kunyanyua kidole kwenye usukani ni uvivu, na muungwana hugusa kofia. Everett amegusa kofia maisha yake yote. Watu wamemtania kwa hilo tangu alipokuwa shuleni.

Lorne alilichukua daftari mikononi mwangu, akalisoma kimya. Akakaa kwenye sanduku. Nimefanya kazi naye miaka ishirini na sita na sikuwahi kumwona amekaa vile, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi mahali asipopajua. Akasema, "Nilisalimia gari, Nadine. Sikumtazama mtu."

Hivyo tu. Jua lilikuwa machoni, akaiona pikapu nyekundu yenye mlango mweupe, kidole kikanyanyuka chenyewe, na kwenye daftari akaandika jina la mwenye gari. Aliandika alichokiona pia, kofia iliyoguswa, kwa kuwa huandika kila kitu. Lakini baadaye, alipojaza taarifa rasmi, fomu ile ilikuwa na nafasi ya saa, mahali, gari na jina. Haikuwa na nafasi ya salamu. Kofia ikabaki daftarini, daftari likabaki sandukuni, na kaka yangu akabaki peke yake barabarani.

Na aliyekuwa ndani ya gari alifanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Alikuwa anakwenda kuua mtu, katika gari la kuiba, mbele ya sherifu mwenyewe. Bado aliposalimiwa alijibu.

Lorne alinikataza kusema lolote kwenye redio, habari isije ikamfikia Everett. Aliwapigia simu wapelelezi wa jimbo, kisha akaenda kwa Roland. Kesho yake asubuhi, Jumatano, alifanya jambo ambalo sikulielewa mpaka lilipokwisha. Alimwomba Roland ile pikapu nyekundu, ambayo bado inatembea kwa miujiza, akaiendesha mwenyewe kutoka lango la Roland, akazunguka makusudi kupitia katikati ya Tolson, mpaka ranchi ya Everett. Kelsey Brandt, naibu wake, na wapelelezi wawili walimfuata kwa mbali. Lorne alikuwa na redio ya mkononi, ameiacha wazi kwenye kiti, na mimi ofisini nilisikia kila kitu.

Nilimsikia akihesabu. "Moja," alisema. Kimya. "Mbili." Kimya. Sikujua anahesabu nini. Alipofika mjini akaharakisha, "sita, saba, nane." Kufika lango la Everett alikuwa kwenye kumi na nne. Yalikuwa magari aliyopishana nayo. Magari kumi na manne ya watu waliompigia kura mara nane, na hakuna kidole kilichonyanyuka, kwa sababu hakuna aliyetazama ndani. Baadaye Kelsey aliniambia kwamba Lorne aliposhuka kwenye gari lile alikuwa amezeeka.

Everett alikuwa anatoka langoni na lori la nyasi. Lorne alikuwa mbele yake kabisa, uso kwa uso. Akanyanyua kidole, polepole. Na Everett, kwa mazoea ya miaka sabini, akagusa kofia. Ndipo macho yake yakashuka kwenye rangi ya gari. Kelsey anasema mkono ulibaki pale pale juu, vidole viwili vimeganda kwenye ukingo wa kofia, na lori likazima.

Nilimsikia Everett kupitia redio. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umelipata wapi gari hilo, Lorne?"

"Pale pale ulipolipata wewe."

Kisha Lorne akamsomea haki zake, neno kwa neno, bila kukosea.

Everett alikiri siku ile ile mbele ya wakili wake. Wendell alikuwa amegundua kwamba ndama wake kumi na mmoja wamepigwa chapa upya juu ya chapa yake, herufi ya Pribyl ikaongezwa mistari miwili ikawa alama ya Oldham. Alimpa Everett muda mpaka Ijumaa asubuhi aende mwenyewe kwa sherifu. Everett akafika kwa farasi mpaka lango la Roland, ambako ranchi zao zinapakana, akaiona pikapu, akaona funguo. Bunduki aliitupa kwenye kisima kikavu, na tarehe 2 Desemba ikatolewa humo. Kwa ajili ya ndama kumi na mmoja! Mimi bado nashindwa kuelewa. Naamka asubuhi, nawasha jiko, nakumbuka, nakaa chini. Mtu aliyekula biskuti zangu. Mtu aliyenituma kwa mdomo wake mwenyewe nikapekue yale madaftari, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakujua kwamba siku ile aligusa kofia. Mkono ulifanya, kichwa hakikuwepo.

Arlys Pribyl amepewa habari. Aliomba nisiandike alichosema, nami nitamheshimu.

Sasa la Lorne na Roland, kwa kuwa huu ni wasifu wa Lorne. Jumatano ile ile mchana alimrudishia Roland pikapu yake. Alibaki amesimama kwenye ngazi za mlango bila kofia, na nje palikuwa na baridi ya kukata masikio. Mimi nilikuwa ndani, nimewahi kufika.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikunyang'anya jina lako nikalitia kwenye daftari. Ulinieleza ukweli jikoni humu humu nikakuona mwongo. Sina cha kukulipa."

Kaka yangu si msemaji. Nilidhani atafunga mlango, na angefunga ningemwelewa.

"Miaka kumi na minane," akasema, "ni wewe peke yako uliyeninyanyulia kidole mbele ya watu. Nilikuwa nakuchukia kila ukinyanyua. Na siku nisipokutana nawe nilikuwa narudi nyumbani vibaya zaidi."

Lorne alilia, mnisamehe kwa kulisema, mzee yule mrefu alilia mlangoni kama mtoto. Roland akaangalia pembeni, akakuna shingo.

"Ingia basi," akasema. "Unaachia baridi iingie. Kahawa ipo."

Na langu mimi nilimalize. Jumamosi iliyofuata nilikuwa natoka ghala la mbegu, mchana, watu wamejaa, nikaiona pikapu nyekundu inakuja. Nikanyanyua mkono mzima, kama marehemu baba. Roland akafunga breki katikati ya barabara kuu, akateremsha kioo.

"Wewe, una nini?"

"Sina kitu. Nakusalimia."

"Mkono mzima?"

"Mkono mzima."

Akatazama watu waliosimama nje ya ghala, akanitazama mimi. "Haya, urudishe kwenye usukani," akasema, "utagonga mtu." Kisha akanyanyua kidole chake, kile kimoja, kama anayechomoa mwiba. Niliendesha mpaka nyumbani sioni barabara kwa machozi.

Tunakuaga leo, Lorne, tukiwa bado tumeduwaa. Umetupa miaka thelathini na miwili ya kazi safi, na ulipogundua kwamba siku moja katika hiyo haikuwa safi, ulibakiwa na wiki tano tu za kustaafu kwa heshima na keki. Ungeweza kulifunga daftari. Mimi peke yangu ndiye niliyeusoma mstari ule, na mimi nilikuwa nacheka. Hukulifunga; ulikiri kosa lako mbele ya kaunti nzima. Umemwachia Kelsey, sherifu wetu mpya, ofisi ya watu watatu na selo yenye kitasa kibovu, na juu ya meza umemwachia fomu mpya ya taarifa. Nimeiona. Ina nafasi ya saa, mahali, gari na jina, na chini yake umeongeza mstari mmoja kwa mkono wako: Je, uliuona uso?

Asante kwa kila simu uliyoitikia. Asante kwa Bonita, aliyekula chakula cha jioni peke yake kwa sababu yetu. Ukae nyumbani ushibe usingizi, samaki wa bwawani wakuchoke, na Mungu akupe miaka mingi ya kutofanya lolote.

Mwisho ni tangazo, na naomba lisikizwe. Gari la kaunti Lorne amelirudisha. Roland amemkabidhi ile pikapu nyekundu, kwa maneno haya: "Sitaki kuiona tena, na wewe huna gari." Lorne ameipokea, na amesema ataiendesha mpaka kila mtu katika kaunti hii awe ameinyanyulia kidole. Kwa hiyo kuanzia kesho, mlango mweupe ukitokea mbele yenu, ni Lorne.

Roland yeye amepata gari jingine. Ni la kijivu, dogo, kama mengine mia mliyoyaona, na hamjalizoea bado. Itabidi mtazame uso.